Sembera Aliyeomba Ubatizo kwa Barua

Somo: 1 Timotheo 4:6–16



Hapa kwetu Kiplombe, kando ya mji wa Eldoret, tunao Wakristo wengi wa kiti cha nyuma. Kila Jumapili wapo, na kuimba wanajua. Lakini ukimwomba mmoja wao asome somo, au aingie darasa la kipaimara, jibu ni lile lile: "Mchungaji, ngoja kidogo, mimi bado kijana." Mwingine atasema hakusoma sana. Timotheo naye alikuwa kijana, tena yaonekana alikuwa na hofu, na bado Paulo alimwachia kazi ya Efeso. Lakini Efeso ni mbali. Leo twende karibu, Uganda, ambako hata nchi yetu hii ya Uasin Gishu ilihesabiwa mpaka mwaka 1902.

Mwaka 1875 Kabaka Mutesa alimwambia msafiri Stanley kwamba anataka waalimu wa dini, na wamisionari wa C.M.S. wakafika mwaka 1877. Mutesa alipenda sana mazungumzo ya dini. Waislamu, Waprotestanti na Wakatoliki walishindana mbele yake barazani, naye aliwauliza maswali ya mtu mwenye akili. Leo aelekea huku, kesho kule. Alikufa Oktoba 1884, hajabatizwa.

Katika miaka hiyo hiyo, katika nchi hiyo hiyo, alikuwako kijana mmoja mtumwa, jina lake Sembera. Alijifunza kusoma katika kundi la vijana wa Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyefika mwaka 1878. (Tufurahi kidogo, sisi wasemaji wa Kiswahili: Injili waliyosoma pale mwanzoni ilikuwa ya lugha yetu, kazi ya Askofu Steere wa Unguja.) Tarehe 8 Oktoba 1881 Sembera alimletea Mackay barua aliyoiandika mwenyewe. Kalamu hakuwa nayo, akachonga ujiti wa nyasi. Wino ulikuwa wa kujitengenezea. Na maneno yalikuwa machache: anamsalimu Bwana Mackay, naye anaomba abatizwe, kwa sababu ameyaamini maneno ya Yesu Kristo.

Hiyo ndiyo sababu pekee aliyoitoa. Umri wake hakuutaja, wala elimu yake. Hakusema atangulie Kabaka kwanza, yeye mtumwa afuate nyuma. Na tujue, ndugu, mtumwa wa siku zile alikuwa mtu wa kutumwa na kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akingojea kupata barua yake.

Mackay hakuwa padri, hivyo hakumbatiza yeye. Tarehe 18 Machi 1882 Padri O'Flaherty alibatiza watu watano, wa kwanza wa kanisa letu kule, na Sembera akiwamo. Akachukua jina la Mackay. Basi Sembera naye alingoja, miezi mitano, lakini alingoja akiwa amekwisha kuomba. Kungoja kwa Mutesa kulikuwa kwa namna nyingine.

Miaka ya mateso ikafuata. Tarehe 31 Januari 1885, Kabaka akiwa Mwanga, vijana watatu, Kakumba, Lugalama na Serwanga, waliuawa kwa ajili ya imani. Walakini kundi halikutawanyika, na Januari 1891 Askofu Tucker aliwaweka Sembera na wenzake watano kuwa wainjilisti wa kanisa.

Mwaka mmoja tu baadaye, Januari 1892, Sembera aliuawa Mengo, katika vita vya Waprotestanti na Wakatoliki. Twalisema hili kwa huzuni, wala hatutaki kulifunika. Watu waliomwomba Bwana mmoja walielekezeana bunduki, na mwalimu huyu akaanguka humo.

Basi, ninyi wa kiti cha nyuma: daftari la darasa la kipaimara liko kwa mwinjilisti, na kalamu iko juu yake.