Bei ya picha za sherehe Ulyankulu hufuata msimu wa tumbaku

MPIGA picha wa Ulyankulu anayeombwa kutaja bei ya harusi ana maswali matatu ya kuuliza kabla hajatamka shilingi: harusi ni mwezi gani, itafanyika barabara ya ngapi, na mwenye shughuli anataka picha ngapi zilizosafishwa. Majibu ya maswali hayo hubeba uzito mkubwa katika bei kuliko uzuri wa kamera aliyoining'iniza shingoni.

Swali la mwezi ndilo la kwanza kwa sababu ya tumbaku. Wilaya ya Kaliua, ambamo Ulyankulu imo tangu wilaya hiyo ilipomegwa kutoka Urambo mwaka 2012, ni miongoni mwa zile zinazolima zao hilo kwa wingi nchini. Mvua za masika ya huku huanza Novemba na kukoma Aprili. Majani huvunwa, hukaushwa katika mabani, kisha hupelekwa kwenye masoko ya vyama vya msingi, na fedha huanza kuonekana mikononi mwa wakulima kuanzia katikati ya mwaka, baada ya deni la pembejeo kukatwa.

Hapo ndipo harusi hufuatana. Jumamosi moja kamati tatu humtaka mpiga picha yule yule, ilhali mwezi Januari anaweza kukaa wiki nzima akipiga picha za pasipoti tu, au akaifunga kamera na kushika jembe.

Kwa hiyo bei ya harusi ya Agosti haiwezi kuhesabiwa kama kazi ya siku moja. Ndani yake imo sehemu ya kodi ya chumba cha Januari, ada ya mtoto na akiba ya kununulia betri mpya. Kamati ya harusi, ambayo huyaona masaa manane tu ya mtu kuzunguka na kamera, huiona bei hiyo kuwa kubwa. Mabishano mengi huanzia hapo.

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei rasmi ya mtu yeyote. Kamera na lenzi zimenunuliwa kwa shilingi 1,500,000, na mwenyewe anakadiria zitafanya sherehe 60 kabla ya kuhitaji nyingine. Kila sherehe basi inakula shilingi 25,000 za kamera. Pikipiki ya kwenda na kurudi ni 20,000, msaidizi wa kushika taa 20,000, kusafisha picha 40 ni 40,000, na albamu 25,000. Siku ya shughuli, pamoja na siku mbili za kuchagua na kurekebisha picha, zikihesabiwa kwa 20,000 kila moja, ni 60,000. Jumla ni shilingi 190,000, na faida bado haijawekwa.

Sasa kamati imembembeleza mpaka 150,000. Akishalipa pikipiki, msaidizi, picha na albamu, mkononi hubaki na 45,000, naye hurudi nyumbani akiamini amepata. Ukweli ni kwamba jasho la siku tatu na uchakavu wa kamera vilistahili 85,000. Pengo la shilingi 40,000 halimuumi siku hiyo. Humuuma siku kamera inapokufa katikati ya kiapo cha maharusi na yeye hana ya akiba, na familia iliyodhani imeokoa fedha hubaki bila picha ya tukio lisilorudiwa.

Swali la barabara nalo si la adabu tu. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao, pamoja na watoto wao, walipewa uraia wa Tanzania katika mpango ulioanza mwaka 2007. Sehemu zake hutajwa kwa namba za barabara, na toka barabara moja hadi nyingine ni mwendo. Harusi yenye ibada mahali pamoja, picha za bustanini mahali pengine na karamu nyumbani kwa bwana harusi ni safari tatu. Anayetaja bei bila kuuliza hilo hulipia mafuta kutoka mfukoni mwake.

Zamani hesabu ilikuwa nyepesi zaidi. Mkanda mmoja ulitoa picha 36, kila kubofya kulikuwa na gharama yake, na mkanda ulipaswa kusafirishwa kwenda kusafishwa. Bei ya kila picha moja moja ilikuwa na mantiki: mteja alilipia kile alichokiona kwenye karatasi. Kamera za dijitali ziliivunja mantiki hiyo, kwa kuwa kupiga picha 600 hakuna gharama ya karatasi, bali kuna gharama ya muda wa kuzichambua.

Hata hivyo bei ya picha moja moja haijafa. Hutumika kwenye mahafali ya darasa la saba, ubatizo na kipaimara, ambako hakuna kamati iliyomwalika mpiga picha. Hupiga bila kuagizwa, husafisha kwa fedha yake, kisha huwatafuta wenye picha. Zisizochukuliwa hubaki kwenye bahasha, na hasara yake haina budi kubebwa na bei ya zile zilizonunuliwa. Simu za mkononi zimeipunguza sana biashara hii. Mzazi mwenye simu nzuri hana sababu ya kununua picha ya mwanawe akiwa amesimama juani. Ila kanisani penye giza, au kwa kundi la watu 40 wanaotakiwa kuonekana nyuso zote, bado atamhitaji mwenye taa na ujuzi.

Kuna kazi moja ambayo wengi huipangia bei vibaya, nayo ni ya kwaya. Ulyankulu inajulikana nchini kwa kwaya zake, Kwaya ya Barabara ya 13 ikiwa mojawapo. Picha ya albamu ya familia hutazamwa sebuleni. Picha ya jalada la nyimbo huchapishwa na kuuzwa pamoja na kazi yenyewe, na kuitoza bei ile ile ni kujipunja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, hivyo matumizi ya namna hiyo yanastahili kuandikwa na kulipiwa mbali.

Kianzio kwa kawaida ni nusu ya bei, na salio hutolewa picha zinapokabidhiwa. Ugumu huja pale mwenye shughuli anaposema atalipa chama kikishalipwa, na malipo ya tumbaku yakachelewa. Mpiga picha aliyekwisha kusafisha picha zote huwa amemkopesha fedha taslimu. Njia salama ni kusafisha kwa kiasi cha kianzio tu. Katika nchi hii hii ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, hongo ya misafara iliyoelekea Ujiji ilipatanwa kabla ya mizigo kuvuka, si baada ya kufika.

Msiba uko nje ya hesabu zote hizi. Ni vigumu kupatana bei mbele ya wafiwa, na anayeishi jirani nao kwa kawaida huomba gharama ya kusafisha picha na ya usafiri, basi.