David Starr Jordan, Mwalimu wa Samaki

Sisi tukiona samaki sokoni twauliza bei. David Starr Jordan aliuliza jina lake. Mmarekani huyu alizaliwa shambani, katika jimbo la New York, mwaka 1851. Mwaka 1873 alifundishwa na Louis Agassiz, mjuzi mkubwa wa viumbe, katika kisiwa cha Penikese. Tangu hapo yeye na wanafunzi wake walipita mito na bahari, wakazipa majina ya kisayansi aina za samaki zaidi ya 2,000.

Mwaka 1883, huko Indiana, radi ilipiga jumba la masomo. Samaki aliowakusanya na vitabu vyake vikateketea. Akaanza upya. Mwaka 1885 akawekwa mkuu wa chuo kikuu hicho, naye hajatimiza miaka 35. Na mwaka 1891 akaitwa California awe mkuu wa kwanza wa chuo kikuu cha Stanford. Kazi haikuwa nyepesi. Tajiri aliyekianzisha, Leland Stanford, alifariki mwaka 1893, mali yake ikazuiliwa mahakamani, hata mjane wake Jane akawalipa walimu kwa posho yake mwenyewe. Chuo hakikufungwa. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la nchi likabomoa majumba mengi. Sanamu ya Agassiz ilianguka kutoka ukutani, ikajikita ardhini kichwa chini, miguu juu! Jordan akajenga tena. Sifa hiyo tusimnyime.

Lakini mtu aliyezoea kupanga samaki alitaka kupanga na watu. Mwaka 1902 alitoa kitabu akisema kwamba vita huua vijana walio bora, na wanyonge hubaki kuzaa. Basi hata amani aliitetea kwa hoja ya mfuga ng'ombe. Akawa mmoja wa viongozi wa eujeniki, ndilo fundisho la kuchagua nani azae na nani azuiwe. Indiana ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1907, California mwaka 1909. Katika California peke yake watu kama 20,000 walipasuliwa wasizae tena, wengi bila hiari yao. Papa Pio XI alilaani jambo hilo katika barua yake ya mwaka 1930. Jordan alikufa mwaka uliofuata.

Mwaka 2020 vyuo vyote viwili viliondoa jina lake katika majumba yao. Stanford iliamua pia kuiondoa sanamu ya Agassiz mahali pake, maana mwalimu huyo naye alifundisha kwamba mataifa ya watu hayakutoka katika asili moja.