Nguo Iliyosema Haidhuru

Watawala wa kila zama wamependa kuwapangia raia wao mavazi. Aghalabu amri za namna hiyo huacha chuki tu nyuma yake. Huko Japani, hata hivyo, zilisaidia kukuza vazi moja la kiangazi, jepesi na la bei ndogo, liitwalo yukata. Nimelitafakari sana vazi hili, maana naona limebeba habari kubwa kuhusu heshima ya mtu wa chini.

Jina lake la asili ni yukatabira, nguo ya kuogea. Katika enzi ya Heian, kati ya mwaka 794 na 1185, makabaila waliivaa ndani ya hamamu za mvuke. Ilikuwa ya nyuzi za katani, haina bitana, wala haikukusudiwa kuonekana barabarani. Ilipofika enzi ya Edo, iliyoanza 1603 na kwisha 1868, hamamu za umma zilienea mijini na pamba ikapatikana kwa wingi. Watu wa kawaida wakawa wakitoka kuoga hujitupia yukata ya pamba ili iwakaushe jasho na maji. Kisha wakazoea kurudi nayo nyumbani, na hatimaye wakaenda nayo kwenye sherehe za jioni za majira ya joto.

Wakati huo huo serikali ya shogun ilikuwa ikitoa amri juu ya amri. Mkulima asivae hariri. Mfanyabiashara, hata akiwa na fedha kumshinda samurai, asijionyeshe kwa rangi na nakshi za anasa. Hebu fikiri, msomaji wangu: mtu aliyekatazwa hariri, nyekundu na dhahabu, akabaki na pamba na nili, atafanya nini? Hawa walizichukua buluu na nyeupe wakazitumia kwa ufundi mwingi kiasi kwamba hukumbuki kuwa kuna rangi iliyokosekana.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye karatasi. Mafundi wa eneo la Ise waligandisha pamoja karatasi za gamba la mforosadi kwa maji ya tunda la kaki, kisha wakazichonga matundu madogo madogo kwa visu, zikawa violezo. Mpaka rangi alitandika kitambaa juu ya ubao wa mita sita na nusu hivi, akaweka kiolezo, akapaka uji mzito wa mchele wa kunata na pumba zake, akakisogeza kiolezo, akapaka tena, mpaka mwisho wa kitambaa. Uji ulipokauka, alikigeuza kitambaa akapaka upande wa pili, kila nukta juu ya nukta mwenzake. Ndipo kitambaa kikatumbukizwa kwenye nili, na palipofunikwa na uji pakabaki peupe.

Kwa nini ajisumbue kupamba pande zote mbili? Kwa sababu nguo isiyo na bitana huonyesha ndani yake mtu anapopiga hatua au upepo unapoinua mkono wa vazi. Fundi alimfanyia uangalifu huo mtu ambaye sheria ilimwona hastahili hariri. Mwaka 1955 serikali ya Japani iliwatunukia Shimizu Kōtarō na Matsubara Sadakichi hadhi ya juu ya taifa kwa sababu ya ufundi huu.

Michoro nayo ilikuwa na kazi zake. Mawimbi, samaki, kereng'ende na majani ya msimu wa baridi inayokaribia viliwekwa ili mtazamaji aone ubaridi kwa macho kabla ya kuusikia mwilini. Jani la katani, mmea unaokua upesi na wima, lilivishwa watoto kwa dua kwamba nao wakue hivyo.

Lakini mchoro unaonigusa zaidi ni fumbo. Una mundu, ambao kwa Kijapani ni kama. Una duara, ambalo ni wa. Na mwisho herufi isomwayo nu. Ukisoma kwa pamoja unapata kamawanu: haidhuru, sijali. Aliyeueneza mwanzoni mwa karne ya 19 ni mwigizaji Ichikawa Danjūrō wa saba, na mashabiki wake wakauvaa mjini Edo. Mwaka 1842, wakati wa msako dhidi ya anasa, serikali ilimfukuza mjini kwa kosa la kujifaharisha jukwaani. Alisamehewa mwaka 1849. Fumbo lake lilibaki mitaani, na mpaka leo linachapwa.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya nguo inayosema. Kanga imekuwa ikimsemea mvaaji kwa zaidi ya miaka mia moja, na nyingi kati ya kanga zilizouzwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1950 na 1960 zilichapwa Japani kwenyewe. Mvaaji wa kanga na mvaaji wa yukata wanajua siri moja: neno lililo nguoni ni gumu kulishtaki, kwa kuwa mwenyewe hakufungua kinywa.

Leo yukata nyingi huchapwa kwa mashine, na nyingine ni za poliesta. Silalamiki, maana tangu zamani ilikuwa nguo ya watu wengi; ilipochakaa ilikatwa ikawa nepi za mtoto, kisha tambara la kupangusia. Ninachokumbuka ni kwamba amri za shogun zimebaki vitabuni, ilhali nguo ya mtu aliyekatazwa inavaliwa kila kiangazi, na hakuna anayemuuliza mvaaji cheo chake.