Rehani

Shamba huwekwa rehani, hata pete ya ndoa. Katika Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994 iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, anayewekwa rehani ni Yusuf, mtoto wa miaka 12, kwa deni la babake kwa tajiri Aziz.

Yusuf anamdhani Aziz ni jamaa wa damu. Khalil, naye rehani vilevile, anamsahihisha palepale dukani kwa Aziz: huyo si jamaa yako, mwite seyyid, yaani bwana. Ukali wa somo hilo unazidi wa fimbo.

Bustani ya Aziz ina maji, matunda, kivuli. Na ukuta.

Rehani ya kawaida hukombolewa deni likilipwa. Yusuf hakombolewi na mtu. Mwishowe anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, bwana mwingine tena.