Madoa ya paka nyumbani: Usimchape kabla ya kujua chanzo

WENYE paka huamka asubuhi na kukuta doa la manjano kwenye zulia, alama ya kahawia juu ya kochi au matone mekundu sakafuni. Wengi humkaripia mnyama, hupangusa na kusahau.

Hilo ni kosa. Paka ana tabia ya kuficha maumivu, na mara nyingine doa ndilo dalili ya kwanza ya maradhi yake. Kabla ya kulifuta, chunguza rangi, harufu na mahali lilipo.

Mkojo
Doa lililo ukutani, kwenye pazia au mguu wa meza, lenye harufu kali, kwa kawaida huachwa na dume ambaye hajahasiwa. Husimama, huinua mkia na kurusha mkojo kwa nyuma ili kuweka alama ya eneo lake. Kuhasiwa hukomesha tabia hiyo kwa madume walio wengi.

Doa la sakafuni au kitandani lina maana nyingine. Huenda sanduku lake la mchanga ni chafu, au kuna jambo jipya lililomtia hofu, kama vile mgeni au paka mwingine. Paka mzee anayekunywa maji mengi na kukojoa sana apimwe figo na kisukari.

Damu
Tofauti na mbwa, paka jike kwa kawaida hatokwi na damu anapohitaji dume. Kwa hiyo matone mekundu au ya waridi yanaweza kuashiria maradhi ya kibofu, ya kizazi au jeraha.

Hatari kubwa zaidi ni kwa dume. Akichuchumaa mara kwa mara, akilia na kujilamba huku akitoa matone machache au asitoe kabisa, njia ya mkojo huenda imeziba. Wengi hudhani amefunga choo, wakasubiri. Sumu na madini ya potasiamu hujilimbikiza katika damu, moyo huathirika, na paka anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kahawia na nyeusi
Doa dogo la kahawia lenye harufu ya samaki mahali alipolala mara nyingi hutoka katika tezi zilizo kando ya njia ya haja kubwa. Punje nyeusi kama pilipili manga ziweke kwenye pamba iliyolowa. Zikitoa wekundu, ni kinyesi cha viroboto.

Matapishi yenye nywele mara moja moja si ajabu, kwani paka hujilamba. Yakijirudia, au akikataa chakula, aonwe na daktari.

Usafi
Usitumie jiki juu ya mkojo, kwani ikichanganyika na amonia iliyomo hutoa hewa yenye sumu. Nyonya unyevu kwa kitambaa, kisha osha kwa maji na sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Harufu ikibaki, paka atarudi pale pale.

Kinyesi kiondolewe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma vilivyomo huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza. Vimelea hivyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Asipokuwapo wa kumsaidia, avae glavu na kunawa mikono.

Aidha, usimpe paka dawa za binadamu. Hata kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua.

Kumchapa nako hakusaidii. Humzidishia hofu, na hofu yenyewe inaweza kuchochea uvimbe wa kibofu, kisha madoa yakaongezeka. Ni heri kuandika siku, rangi na mahali doa lilipoonekana, na kumpelekea daktari maelezo hayo pamoja na mgonjwa.