Lugha na Upinzani: Waberberi Mbele ya Ukoloni

Jina 'Waberberi' ni la kubandikwa. Asili yake ni neno la Wagiriki na Warumi lililotumiwa kwa watu ambao usemi wao haukueleweka. Wenyewe hujiita Imazighen, na lugha yao, ambayo ina lahaja nyingi, huiita Tamazight. Katika makala haya tutachunguza mahali pa lugha hiyo katika upinzani wao dhidi ya Wafaransa na Wahispania. Tutajaribu kuonyesha kwamba wakoloni waliitazama tofauti ya lugha kama ufa wa kisiasa, na kwamba kosa hilo liliendelea kuwadhuru Waberberi hata ukoloni ulipokwisha.

Wafaransa waliuteka mji wa Algiers mwaka wa 1830, lakini milima ya Kabylia haikutiishwa hadi 1857. Mwaka huo alikamatwa Lalla Fatma N'Soumer, mwanamke wa ukoo wa kidini ambaye alikuwa amewahamasisha wapiganaji. Mwaka wa 1871 vita vilizuka upya. Viliongozwa na Muhammad al-Muqrani, na mwezi wa Aprili Sheikh al-Haddad wa tarika ya Rahmaniyya akatangaza jihadi. Al-Muqrani aliuawa mwezi wa Mei. Baada ya kushindwa, wananchi walitozwa faini kubwa, ardhi yao ilitwaliwa, na baadhi yao walihamishiwa New Caledonia. Miongoni mwa waliofilisika ni jamaa ya mshairi Si Mohand ou-Mhand. Baba yake aliuawa kwa amri ya Wafaransa, naye akaishi maisha ya kutangatanga. Tungo zake hazikuandikwa naye. Zilihifadhiwa vinywani mwa watu hadi zilipokusanywa na wataalamu.

Yafaa kuzingatia kwamba vita hivyo, ambavyo vitabu vya kikoloni huviita 'uasi', vilipiganwa kwa jina la Uislamu na watu waliosema Kiberberi. Hata hivyo, maofisa wengi wa Kifaransa waliishikilia dhana kwamba Mberberi ni Mwislamu wa juujuu tu, mtu wa mila, na kwamba angeweza kutengwa na Mwarabu.

Dhana hiyo ilihamishiwa Moroko, ambayo ilitiwa chini ya himaya mwaka wa 1912. Huko pia mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 13 Novemba 1914, Waberberi wa Zayan chini ya Moha ou Hammou waliangamiza kikosi cha Wafaransa huko El Herri, wakaua watu zaidi ya 600. Katika milima ya Rif, upande wa Wahispania, aliinuka Muhammad bin Abd al-Karim al-Khattabi. Alikuwa amesoma katika chuo cha Qarawiyyin mjini Fes, akawa mwalimu, mwandishi wa gazeti na kadhi mjini Melilla. Mwezi wa Julai 1921 wapiganaji wake walilivunja jeshi la Uhispania huko Annual, wakaua maelfu ya askari.

Jamhuri iliyoundwa baada ya ushindi huo ilikuwa na makao yake Ajdir. Watu wake walisema Tarifit nyumbani na vitani. Barua na hukumu ziliandikwa kwa Kiarabu. Tena, Abd al-Karim aliziondoa faini za kimila za visasi vya damu, akaweka sheria ya Kiislamu mahali pake. Kwake, lugha hizo mbili zilikuwa na kazi mbili, wala hazikugombana. Jamhuri hiyo iliangushwa na majeshi ya Uhispania na Ufaransa kwa pamoja, baada ya Wahispania kutumia hata gesi ya sumu. Abd al-Karim alijisalimisha kwa Wafaransa mwezi wa Mei 1926, akapelekwa kisiwa cha Réunion.

Miaka minne tu baadaye, tarehe 16 Mei 1930, Wafaransa walitoa amri iliyowaweka Waberberi chini ya mahakama za kimila na kuyatia makosa ya jinai mikononi mwa mahakama za Kifaransa. Kile alichokiondoa kiongozi wa Waberberi mwenyewe, wakoloni walikirudisha wakidai kwamba ndiyo hulka ya Waberberi! Waumini misikitini katika miji ya Salé na Fes walipinga kwa dua, na kutokana na upinzani huo utaifa wa Moroko ukapata nguvu.

Lakini amri hiyo iliacha sumu. Wazalendo wengi walianza kumshuku kila aliyeitetea Tamazight kuwa anaendeleza ugawanyaji wa mkoloni. Mwezi wa Machi 1980, miaka 18 baada ya uhuru wa Algeria, serikali ilipiga marufuku mhadhara wa Mouloud Mammeri katika chuo kikuu cha Tizi Ouzou kuhusu ushairi wa kale wa Kabylia. Mammeri ndiye aliyechapisha tungo za Si Mohand mwaka wa 1969. Ghasia zilizofuata zilidumu wiki kadhaa. Tamazight ilitambuliwa kuwa lugha rasmi nchini Moroko mwaka wa 2011 na nchini Algeria mwaka wa 2016.

Ni dhahiri, basi, kwamba wakoloni na warithi wao waliafikiana katika jambo moja: waliiogopa lugha badala ya kuisikiliza. Mwanahistoria anayetegemea barua za Kiarabu na ripoti za Kifaransa peke yake atazijua amri na idadi ya waliokufa. Waliyoyasema wenyewe waliopoteza ardhi mwaka wa 1871 yamo katika tungo, na kuzikusanya na kuzifasiri ni kazi ya wanaisimu.