BIGO: NGOME YA MGENI

Katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, Kamati imetuomba sisi walimu wa historia tuandike neno. Tumechagua mahali ambapo wengi wetu hatukupajua mpaka tulipowapeleka wanafunzi wa darasa la saba: Bigo bya Mugenyi, hapa Uganda.

Safari hiyo ilitokana na swali. Siku moja watoto waligombania zamu ya maji kisimani, na mwanafunzi wetu mmoja akaambiwa, "Ninyi ni wageni, hamna chenu hapa." Kesho yake akatuuliza darasani: "Mwalimu, mgeni anaweza kuacha nini katika nchi ya watu?" Hatukuwa na jibu la haraka.

Bigo iko wilaya ya Sembabule, kaskazini-magharibi mwa jiji la Masaka, kwenye kilima kinachoteremka hadi mto Katonga, upande wa kusini wa mto huo. Atakayekwenda asitarajie kuta za mawe kama za Fort Jesus kule Mombasa. Ngome hii ni ya udongo. Ni mahandaki na matuta ambayo urefu wake kwa jumla unazidi kilomita 10, na penginepo wachimbaji walikata hata mwamba. Nyasi na vichaka vimeota juu yake, hivi kwamba mpita njia anaweza kupita asitambue kitu. Kijana wetu mrefu kuliko wote alishuka handakini, tukabaki kusikia sauti yake tu. Sisi tuliopokewa hapa kwa jembe na turubai, tukaanza kwa kuchimba mashimo ya vyoo, tunajua futi moja ya udongo inadai jasho kiasi gani.

Wataalamu walifanya uchimbaji hapo: Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960. Walikuta vigae vya vyungu na mifupa mingi ya ng'ombe. Kwa makadirio, watu waliishi hapo kati ya karne ya 14 na ya 16. Kuhusu kazi ya mahandaki hayo wataalamu hawajaafikiana. Wako wanaosema yalikuwa ulinzi wa makao ya mtawala. Wengine wanajibu kwamba handaki la nje ni refu mno, lingehitaji jeshi kubwa kulilinda, na kwamba huenda lilihusu zaidi malisho na mifugo.

Masimulizi ya wazee yanawataja Wachwezi, watawala wa kale wa nchi hizi za maziwa, ambao mwishowe waliondoka wakatoweka. Mugenyi alikuwa mmoja wao. Kuhusu maana ya jina hilo, wanafunzi wetu hawakuhitaji mkalimani: Mugenyi ni mgeni. Bigo bya Mugenyi ni ngome za mgeni.

Tuliwaonya wasikimbilie kuhitimisha. Jina peke yake si ushahidi kwamba waliochimba walitoka mbali. Lakini jambo moja ni hakika: wenye ngome waliondoka, na waliobaki kuchunga ng'ombe juu ya kilima hawakulitupa jina hilo. Basi tulimjibu mwanafunzi wetu hivi: mtu anaacha kazi ya mikono yake, na jina lake hudumu iwapo wanaobaki watakubali kulitaja.

Ndugu wasomaji, kila mvua inashusha udongo katika mahandaki ya Bigo. Na hapa kwetu je? Waliojenga darasa la kwanza la miti na udongo, wengine wamerudi makwao, wengine wamehamishiwa nchi za mbali, wengine tumewazika. Nani ameandika majina yao?

Tumeanzisha daftari shuleni. Tunawaomba wazee wa kila kijiji, wakimbizi na wenyeji, waje siku za Ijumaa baada ya masomo watusimulie. Ndugu zetu wa mashirika wenye kumbukumbu za miaka ya mwanzo nao tunawakaribisha.

Ukurasa wa kwanza umeandikwa na yule mwanafunzi mwenyewe. Alikwenda kuuliza nani alichimba kisima kile cha ugomvi. Aliletewa majina kumi na mawili: wenyeji watano na wakimbizi saba.

Walimu wa Historia,
Shule ya Msingi ya Kambi